Maji Yenye Uwezo wa Ziada

Nchi hiyo ipo. Usiulize iko upande gani wala inapakana na nani, maana wenyewe hawapendi kutafutwa. Tosheka kujua kwamba ni nchi safi. Haikuwa safi tangu zamani. Ilisafishwa kwa tangazo. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa aliamka asubuhi moja moyo wake mweupe, akaenda redioni, akatangaza kwamba kazi ya kusafisha nchi imekamilika, na kwamba kuanzia saa hiyo hakuna taka, hakuna moshi, hakuna uvundo. Atakayeona kimojawapo basi kasoro iko machoni mwake au puani mwake, na serikali itamgharamia matibabu. Watu walipiga makofi. Hata waliokuwa wamebana pua walipiga, kwa mkono mmoja, wakipigia paja.

Kulikuwa na tatizo dogo tu. Kabla ya tangazo hilo, mataifa rafiki yalikuwa yamechangia Mfuko wa Kusafisha Mazingira, na fedha zilikuwa bado zinaingia. Kufunga mfuko ambao fedha zinaingia si jambo la serikali yenye akili timamu. Kwa hiyo Mfuko ukaachwa, ukapewa jengo la ghorofa na mazulia mekundu, kisha ukawekewa sharti moja jepesi: mtafiti yeyote anaruhusiwa kuomba fedha za kusafisha uchafu, ilimradi asiseme kwamba uchafu upo.

Wapo waliosahau sharti hilo. Hawakufungwa, kwa sababu nchi hiyo haina magereza; nayo yalifutwa kwa tangazo. Walialikwa kupumzika. Bwana mmoja mpole, mwenye mwavuli hata siku za jua kali, alikuja akawauliza majina yao, akawashika kiwiko kwa adabu, akaondoka nao kuelekea Nyumba ya Mapumziko iliyoko mlimani. Baada ya siku chache viatu vyao vilirudishwa nyumbani vikiwa vimeoshwa, vimepigwa dawa mpaka vinang'aa, na kamba zake zimefungwa vizuri. Wenye viatu hawakurudi. Wizara ilijivunia kwamba haijawahi kurudisha kiatu kichafu hata kimoja.

Katika Chuo Kikuu cha nchi hiyo, mwisho kabisa wa korido ya ghorofa ya tatu, palikuwa na Dawati la Kusaidia Watafiti, na nyuma ya dawati hilo aliketi Bi Raziya Mtengeti. Kazi yake ilikuwa kulainisha. Mtafiti alimletea andiko la mradi lililojaa miba, yeye akalichukua, akalikanda, likatoka laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Jaa lililokuwa likiungua nyuma ya hospitali aliliandika kuwa ni kilima chenye joto la asili. Samaki waliokufa ziwani walikuwa samaki waliochagua kuelea. Moshi wa kiwanda cha saruji ulikuwa kivuli cha maendeleo. Na fedha zilitoka, tena kwa haraka, pamoja na barua za pongezi.

Watafiti walimpenda Bi Raziya kuliko walivyopenda utafiti wenyewe. Wizara nayo ilimpenda, ikamwomba awafundishe watumishi wake ili wote waseme lugha moja. Akaendesha warsha. Walikula maandazi, wakasaini posho, wakarudi maofisini mwao wakiwa wamebobea, hasa Bwana Sefu Kinyogoli, Mkurugenzi wa Mfuko, ambaye alijaribu elimu yake mpya siku ileile kwa kumwambia dereva wake kwamba hajafukuzwa bali ameongezewa nafasi ya kutafakari.

Raziya hakuwa mtu mbaya, na itakuwa dhuluma kumsema hivyo. Alijiambia kwamba neno ni ganda tu. Kama ganda likibadilishwa na kazi ikafanyika, nani kapungukiwa? Na kweli, kile kilima chenye joto la asili kilizimwa, na wagonjwa wakaacha kukohoa. Jambo hilo alilishikilia kila moyo ulipomsuta. Tatizo ni kwamba mazoea yalimwingia mwilini. Mumewe alipofariki, aliwaambia majirani kwamba amepunguza shughuli. Majirani walikaa wiki nzima wakimsubiri mgonjwa apate nafuu.

Basi siku moja akaingia Dakta Athanasi Lugome wa idara ya kemia, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kupiga soga. Hakusalimia vizuri. Aliweka andiko lake mezani na kusimama kama askari wa zamu. Sentensi ya kwanza ilisema: Maji ya Mto Lulu ni sumu, na yanaua.

Raziya aliinuka akafunga mlango, kisha dirisha.

Mto Lulu aliujua. Ulipita nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa, mali ya mkwe wa Mheshimiwa Mlezi, ukatoka hapo ukiwa wa zambarau au wa kijani kutegemea vitenge vya siku hiyo, halafu ukateremka hadi mtaa wa Bondeni. Dakta Lugome alikuwa amechota maji hayo na kuyapima kwa miaka, akakuta yamebeba madini mazito ambayo mwili ukishayapokea hauyatoi. Lakini alikuwa amegundua pia dawa yake. Maji yakipitishwa kwenye mkaa wa vifuu vya nazi, kisha mchanga, kisha bwawa la matete, yalitoka yakiwa maji. Alikuwa amelijaribu jambo hilo kwenye mapipa uani kwake. Alichohitaji sasa ni fedha za kujenga mabwawa makubwa kabla maji hayajafika kwa watu. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, ambalo katika nchi chafu lingekuwa limeshakwisha.

Raziya alimweleza kwa upole kwamba neno lile haliwezi kupita. Dakta akasema neno lile ndilo utafiti wenyewe. Ukiliondoa inabaki karatasi. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Raziya akamtazama usoni.

"Dakta, unataka neno au unataka fedha?"

"Nataka watu wasife."

"Basi unataka fedha. Niachie mimi."

Akamwachia, ila alipofika mlangoni aligeuka. "Nakuachia kwa sababu sina pengine pa kwenda," alisema. "Lakini sipendi, mama. Ninaogopa." Raziya alicheka kidogo, akamwambia kila mtafiti huogopa mara ya kwanza.

Ilimchukua siku kadhaa. Sumu ilikataa kulainika. Kila alipoikanda ilibaki na uchungu. Hatimaye akapata, akafurahi peke yake pale mezani. Aliandika kwamba Mto Lulu una maji yenye uwezo wa ziada, na kwamba wakazi wa Bondeni watanufaika zaidi iwapo kutajengwa miundombinu ya kuyaongoza maji hayo kwa utaratibu. Mabwawa, mkaa na matete aliyaweka mwishoni kabisa, kwenye kiambatanisho, mahali ambapo hayangemkera mtu.

Wino haujakauka akapata mgeni. Alikuwa Zamoyoni, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipowaacha wadogo. Zamoyoni alikaanga bagia pale Bondeni, na mafuta ya kazi yake hayakumtoka hata alipovaa kanga mpya. Alitoa kwenye kikapu chupa ya maji yenye rangi ya zambarau iliyofifia, akaiweka juu ya andiko la Dakta.

Alisema visima vya juu vinaanza kukauka na watu wanatazamia kuanza kuteka mtoni. Alisema mbuzi wake wamenyonyoka manyoya na wawili wamekufa wamesimama. Mtoto wa jirani ufizi umekuwa wa buluu. Alisema yote haya bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya dengu.

"Wewe ndiye msomi wetu," akamaliza. "Niambie, mdogo wangu. Maji haya tunywe au tusinywe?"

Raziya alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa pale mezani chini ya chupa. Lakini nyayo zilisikika koridoni, za mtu anayetembea taratibu na kitu kinachogongagonga sakafu kama ncha ya mwavuli.

"Dada, kwa sasa mamlaka husika zinaendelea na tathmini."

Zamoyoni aliinuka. "Nimekuuliza maji," alisema, "umenijibu mamlaka." Akachukua kikapu chake, akaiacha chupa, akaondoka. Raziya alijiambia kwamba fedha zikitoka mabwawa yatajengwa, na jibu litakuja lenyewe kwa bomba. Hata hivyo siku ile hakula.

Kamati ya Mfuko ilikaa, Dakta Lugome na Bi Raziya wakiwa wamealikwa, kwenye chumba chenye zulia nene kiasi kwamba mtu aliyeanguka hakusikika. Bwana Kinyogoli alisoma andiko kwa sauti ya kuhutubia mkutano wa hadhara. Alipofika kwenye uwezo wa ziada alisimama, akaondoa miwani, akapangusa jicho.

"Waheshimiwa wajumbe," alisema, "kwa miaka mingi taifa letu limekuwa na maji ya kawaida. Tumekunywa ya kawaida, tumeoga ya kawaida, tumekuwa watu wa kawaida. Kumbe hapahapa kwetu, tena nyuma ya kiwanda cha mwananchi mzalendo, kulikuwa na maji yenye uwezo wa ziada! Nani aliwaficha Bondeni neema hii? Nasema yawafikie, na yawafikie kwa utaratibu, kama mtaalamu alivyoelekeza."

Wajumbe waligonga meza. Papo hapo fedha zote zikapitishwa: bomba kutoka mtoni hadi Bondeni, fulana, kofia, hema la sherehe. Kiambatanisho hakikufunguliwa kwa sababu kilikuwa kimebanwa na pini, na pini huharibu kucha.

Raziya alihisi zulia linamvuta miguu. Alikuwa amewafundisha watu hawa kwa mikono yake namna ya kuondoka kwenye neno gumu na kwenda kwenye neno laini. Hakuwafundisha namna ya kurudi. Alidhani kila mmoja wao, moyoni, anaikumbuka njia. Akawatazama nyusoni mmojammoja akitafuta anayejifanya, na hakumwona.

Dakta Lugome alisimama.

"Maji hayo ni sumu," alisema. "Mkiyapeleka Bondeni yatawaua."

Mtu mmoja akafunga pazia. Kwenye kona, bwana wa mwavuli aliinuka, akanyoosha koti lake, akaja hadi pale. Alimuuliza Dakta jina lake, ingawa lilikuwa limeandikwa kwenye kibao mbele yake. Dakta alijibu, kisha akageuka.

"Bi Raziya, waambie."

Macho yote yakamwangukia Raziya. Alitaka kumwokoa mtu yule, na hilo lazima lisemwe. Alitafuta harakaharaka neno la kumfunika, na mazoea yakamletea lililokuwa karibu.

"Dakta amechoka kidogo," alisema.

"Maskini," akasema Bwana Kinyogoli kwa huruma ya kweli. "Basi apumzike."

Bwana wa mwavuli akamshika Dakta kiwiko. Lugome hakupiga kelele. Alimtazama tu Raziya mpaka mlango ukafungwa, na zulia likazimeza nyayo zao zote.

Viatu vililetwa kwenye Dawati la Kusaidia Watafiti, kwa sababu Dakta hakuwa na familia mjini na Dawati ndilo lililomsaidia. Vilikuwa viatu vya kahawia ambavyo siku zote vilikuwa na tope la zambarau kwenye mishono, na Raziya alikuwa amelifagia siku ile Dakta alipoleta andiko. Sasa mishono ilikuwa safi. Hata nyayo kwa chini zilikuwa zimesuguliwa, utadhani havijawahi kukanyaga mahali. Raziya alivitia kwenye droo na kuifunga, akakaa akilia kimyakimya, na katibu muhtasi alipoingia alimwambia kwamba macho yake yana unyevu wa msimu. Mchana huo alipandishwa cheo.

Kule Bondeni kazi ilienda mbio kama haijawahi kwenda. Bomba lilifika. Visima vya juu vilifungwa kwa makufuli makubwa, kwa heshima ya maji mapya, ili mtu asije akayavunjia hadhi kwa kunywa mengine. Mafundi waliunga bomba vibaya, likavuja, na uwanja wa sherehe ukawa tope la zambarau linalonata. Bwana Kinyogoli aliamuru lisifutwe, kwa kuwa rangi hiyo ilipendeza na fulana.

Siku ya uzinduzi Raziya alikalishwa hemani kwenye kiti cha mtaalamu. Alikuwa ameazimia kutokwenda, kisha akaazimia kuugua, kisha gari likatumwa kumchukua. Lilimshusha mbali kidogo, akatembea kwenye tope mpaka hemani, viatu vyake vyeupe vya sherehe vikazama hadi kwenye visigino. Mbele ya bomba watu walikuwa wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika kikombe cha plastiki chenye picha ya Mheshimiwa Mlezi akitabasamu. Jua lilikuwa kali. Visima vilikuwa vimefungwa siku kadhaa na watu walikuwa na kiu. Zamoyoni alikuwa wa kwanza. Alichaguliwa anywe kwa niaba ya kina mama, kwa kuwa ndiye dada wa mtaalamu.

Bwana Kinyogoli alihutubia. Aliwashukuru mto, kiwanda na mkwe. Akafungua bomba kwa mkono wake, likakohoa, likatoa maji ya rangi ya kitenge cha siku hiyo, akayakinga kwenye kikombe cha Zamoyoni na kumwekea kipaza sauti mdomoni atoe neno la shukrani.

Zamoyoni hakushukuru. Alitazama hemani.

"Kabla sijanywa," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za Bondeni, "nina swali kwa mdogo wangu. Nilimuuliza siku nyingi, hakunijibu. Raziya, tunywe au tusinywe?"

Watu wa hemani walicheka kwa adabu. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwake. Raziya alikishika, na maneno laini yakamjaa kinywani yote kwa pamoja, yamejipanga, mazuri, kila moja likiomba lianze. Pembeni ya hema aliona ncha ya mwavuli ikitulia kwenye tope. Aliona kikombe mkononi mwa dada yake, mkono uleule uliomlisha uji alipokuwa hana mama. Alikumbuka droo yake.

"Ni sumu," alisema. "Msinywe, dada. Maji haya yanaua, na nilijua."

Bwana Kinyogoli, mwanafunzi wake bora, hakupoteza hata nukta. Alichukua kipaza sauti kwa tabasamu.

"Ndugu wananchi, mtaalamu wetu anatukumbusha kwamba maji haya yana nguvu, kwa hiyo tunywe taratibu."

Hema lote likapiga makofi. Huenda ingepita hivyo. Lakini Zamoyoni alimlea Raziya tangu akiwa hajui kusema, na aliijua sauti yake ya zamani, ile aliyokuwa akiitumia kabla ya shule. Alikigeuza kikombe chini juu. Maji yakamwagika kwenye tope, rangi juu ya rangi. Mama aliyekuwa nyuma yake akatazama, akageuza chake, ingawa hakikuwa na kitu. Aliyefuata naye akageuza. Mstari mzima ukaenda hivyo, kimyakimya, mpaka kule mwisho ambako hawakuwa wamesikia swali wala jibu.

Bwana Kinyogoli alitangaza kwamba wananchi wameanza kwa kuinywesha ardhi, ishara ya shukrani kubwa. Bendi ikaanza kupiga. Katikati ya kelele hizo bwana wa mwavuli alivuka tope kwa hatua za mtu asiyependa kuchafuka, akasimama mbele ya Zamoyoni.

"Mama," aliuliza kwa upole, "jina lako nani?"

Raziya hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka hemani. Alijikuta amesimama kati yao, na hofu yote aliyoilainisha miaka mingi imesimama naye kama ilivyo, bila ganda.

"Mwenye neno ni mimi," alisema. "Huyu ameuliza tu, na kuuliza bado hakujafutwa kwa tangazo."

Bwana yule alifikiri, akaona ni kweli. Akanyoosha mkono kumshika kiwiko. Raziya akamwomba angoje kidogo. Aliinama, akavua viatu vyake, kimoja kisha cha pili, vikiwa vimejaa tope la zambarau ndani na nje, na badala ya kumkabidhi yeye akampa dada yake.

"Shika, dada," alisema. "Usivioshe."

Zamoyoni alivipokea akavikumbatia kifuani, tope likamchafua kanga yake mpya, na hapo ndipo alipolia. Bwana wa mwavuli alitazama miguu mitupu ya Raziya, akatazama viatu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakujua la kufanya, kwa maana Nyumba ya Mapumziko isingekuwa na kitu cha kurudisha. Mwishowe alimfungulia mlango wa gari. Raziya aliingia bila kushikwa, na gari likapanda mlima.

Bomba la Bondeni halijafunguliwa tena. Watu walivunja makufuli ya visima kwa nyundo wakawa wanagawana kile kidogo kinachochuruzika. Viatu vyeupe vimefungwa kwa kamba ya katani juu ya bomba lenyewe, tope limekaukia juu yake na rangi haijapauka, na kila anayepita na ndoo huvitazama, akaendelea na njia yake ya kwenda kisimani. Wizara imekwisha kutangaza kwamba viatu hivyo havipo.